Nyanda Nne

Goba hatuna reli. Usiku huku kilimani nasikia mbwa na bodaboda, lakini masikio yangu yalilelewa Yombo, Temeke, ambako mama alitufukuza kwenda kulala kila honi ya treni ya mizigo ikilia kuelekea Pugu. Baba alikuwa mtu wa genge la njia kwenye reli ya Tazara. Kutwa alitembea juu ya mataruma, anagonga, anakaza, anashindilia kokoto, na jioni aliizungumzia reli kama mkulima anavyozungumzia shamba lake.

Nilikuwa na miaka tisa aliponipeleka Tabata Relini, inapopita Reli ya Kati. Akachuchumaa. "Hii ni mita moja kamili, mwanangu. Ya kwetu imezidi hapa," akanionyesha vidole vinne alivyovibana pamoja. Nyanda nne. Akanigusisha taruma: la chuma, limeungua kwa jua. Ya kwetu yalikuwa ya zege.

Ukubwani nilikuja kujua kwamba kipimo chake hakikuwa mbali: Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, Tazara 1,067. Na kila nikizitazama nyanda zile nne naona kisa kizima cha mji huu.

Ile ya mita moja ni ya Wajerumani. Waliianza hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914, miezi michache kabla ya vita. Ya baba ina mambo mengine. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipitia huko kwenda baharini, ikawa kama mateka. Marais Nyerere na Kaunda walibisha hodi Magharibi, hadi Benki ya Dunia, wakiomba reli ya kuileta shaba hiyo Dar es Salaam, wakajibiwa kuwa reli hiyo haitalipa. China ikakubali, kwa mkopo usio na riba. Mkataba ulitiwa saini 1967, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa: kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Huko ilikwenda kuungana na reli za kusini mwa Afrika, kwa hiyo ilibidi ifuate upana wa huko. Ndiyo sababu reli mbili za mji mmoja, zinazoitazama bandari moja, haziwezi kuazimana hata behewa. Mzigo ukitaka kuhama, unashushwa Kidatu na kupakiwa upya.

Baba alitoka Makambako. Ujana wake aliumalizia kwenye kipande cha Mlimba, mabonde na mahandaki matupu, akichanganya zege na Wachina waliolala kwenye mahema kama yeye. Zaidi ya 60 kati ya Wachina waliokuja kwa kazi ile hawakurudi kwao. Wengi wamezikwa Gongo la Mboto. Kila tulipopita njia ile baba alivua kofia, na sisi watoto tulinyamaza bila kuambiwa.

Leo nikitoka Goba kwenda Temeke napita Ubungo, nashika Barabara ya Mandela. Konda anaita "Tazara! Tazara!" na watu wanashuka kwenye makutano, chini ya daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa 2018. Mwezi uliopita nilimuuliza kijana aliyekaa pembeni yangu Tazara ni nini. Akanijibu kwa heshima: "Ni kituo, mama. Pale kwenye daraja." Jengo la stesheni, lile kubwa lililomeza mizigo ya watu wa Mbeya na Tunduma miaka yote, lilikuwa mbele ya macho yake. Iliniuma, sitaficha.

Treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro, Juni 2024, baba alikuwa ameshatutoka. Nilipanda na mjukuu wangu. Kabla ya kuingia nilisimama ukingoni mwa jukwaa nikazikazia macho zile njia, milimita 1,435, kisha nikapima hewani: kutoka ya baba hadi hii, karibu shibiri mbili. Upana wa tatu, mji ule ule. Mtoto akaniuliza, "Bibi, unapima nini?"

Nikamshika mkono nikambana vidole vinne. Jumamosi iliyofuata tulishuka Tabata Relini.