Matembezi ya Kujifunza katika Misitu ya Usambara

Matembezi ya kujifunza katika misitu ya Usambara yalitangulia utalii. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, na bustani yake ya mimea ikawa darasa la wataalamu wa kigeni. Msitu ulipofanywa hifadhi ya serikali, Msambaa aliyekata mti humo bila kibali alihesabiwa mkosaji. Leo, Amani, iliyotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na Magamba karibu na Lushoto, mgeni hulipa kiingilio na kuongozwa na mwenyeji anayejua mti upi ni dawa. Ujuzi ule ule uliowaponza wazee sasa ni somo la kulipiwa. Hata hivyo, masimulizi ya ua la Saintpaulia bado huanza na ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kana kwamba waliolipita kila siku wakitafuta kuni hawakuliona.