Ijaza na Cheo: Habari za Matabibu wa Jeshi

Tangu wafalme walipoanza kuweka majeshi ya kudumu wamekuwako watu wenye kazi ya kuwatibu askari. Lakini ni nani kati yao mwenye haki ya kuitwa tabibu, kwa ijaza ipi, na kwa daraja gani mbele ya maofisa wenye kuamrisha vita, ni mambo yaliyobishaniwa kwa miaka mingi, na katika ubishi huo roho nyingi zimepotea. Nakusudia kueleza habari hizo kwa mfano wa jeshi la Uingereza, kwa kuwa desturi zake ndizo zilizofika kwetu Afrika ya Mashariki pamoja na bendera yake.

Katika karne ya 18 watu wa utabibu katika jeshi hilo walikuwa wa tabaka mbalimbali. Juu alikuwako tabibu wa hospitali za jeshi, mtu wa shahada ya chuo kikuu na wa vitabu vya Kilatini; chini yake alikuwako mpasuaji wa kikosi, aliyejifunza kazi akiwa mwanagenzi mkononi mwa fundi wake, kisha akahojiwa na jumuiya ya wapasuaji wa London, ambayo mwaka 1745 ilijitenga na vinyozi waliokuwa nao katika chama kimoja, na ambayo mwaka 1800 wapasuaji wake walipata hati ya kifalme ya kuanzisha chuo chao; na chini ya hawa alikuwako msaidizi wa mpasuaji, kijana mwenye elimu haba na mshahara haba zaidi, ambaye hakuhesabiwa kuwa ofisa mpaka mwaka 1796, serikali ilipoona kwamba pasipo heshima hiyo haitawapata vijana waliosoma. Hata upasuaji wa kikosi uliweza kupatikana kwa fedha: James McGrigor, aliyekuja kuwa mkubwa wa matabibu wote wa jeshi, alinunua nafasi yake ya kwanza katika kikosi cha Connaught Rangers mwaka 1793.

Huyu McGrigor aliujua ubaya wa mambo kwa kuwa alipita ndani yake. Mwaka 1812, baada ya kutekwa mji wa Badajoz huko Hispania, alimsihi jemadari Wellington awataje matabibu katika barua yake rasmi ya habari za vita, kama walivyotajwa maofisa wengine, naye Wellington akaridhia. Kisha, tangu mwaka 1815 hata 1851, akiwa mkuu wa idara ya utabibu ya jeshi, aliwataka wapasuaji walete taarifa za maradhi na vifo vya askari wao, ili elimu ya jeshi ijengwe juu ya hesabu, isijengwe juu ya dhana.

Lakini kutajwa kwa heshima si kuwa na mamlaka. Katika vita vya Crimea, vya mwaka 1854 hata 1856, askari wa Kiingereza waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi mno kuliko waliouawa na adui, na matabibu, ambao wengi wao walijua wazi ni nini kinachohitajiwa, hawakuwa na amri juu ya chakula, wala mablanketi, wala magari ya kuchukulia majeruhi. Msiba huo ulizaa shule ya utabibu wa jeshi, iliyofunguliwa Chatham mwaka 1860 na kuhamishwa Netley mwaka 1863, ambako mtu aliyekwisha pata ijaza yake ya kawaida alifundishwa elimu ya usafi wa kambi, maji na hewa, chini ya mwalimu Edmund Parkes. Tangu hapo haikutosha tena kujua kukata mguu, bali ilipasa kujua pia namna ya kuzuia askari asiugue.

Elimu ikawa imekamilika, na cheo kikabaki nyuma. Mwaka 1891 matabibu walipewa majina yaliyochanganywa, kama Mpasuaji-Kapteni na Mpasuaji-Meja, ambayo wenyewe waliyaona kuwa heshima nusu, na vijana waliohitimu wakawa wachache wa kutaka kuingia jeshini; mpaka mwaka 1898 kilipoundwa Kikosi cha Kifalme cha Utabibu wa Jeshi, na tabibu akaitwa kapteni au meja sawasawa na wenziwe. Hata hivyo mazoea hayafutwi kwa hati moja, kwani mwaka uliofuata vita vya Afrika ya Kusini vilianza, na humo homa ya matumbo pamoja na maradhi mengine viliua askari wa Uingereza zaidi ya 13,000, wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Yaliyotupata sisi katika vita vya 1914 hata 1918 yalikuwa mazito zaidi. Wapagazi waliochukua mizigo ya majeshi ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na matabibu walikuwa wachache, wengi wao wakiwa hawajui lugha za wagonjwa wao. Ndipo mwaka 1917 tabibu mmoja wa jeshi, G. J. Keane, alipounda Uganda kikosi cha utabibu cha Waafrika, akiwachukua vijana waliosoma katika shule za misheni ili wafundishwe kufunga vidonda na kuuguza. Vijana hao walithibitisha kwa kazi yao kwamba Mwafrika aliyefundishwa aweza kubeba amana ya roho za watu, na mwaka 1924 mafunzo ya utabibu ya Makerere yalikuwa yamekwisha anza katika hospitali ya Mulago. Lakini waliohitimu huko, baada ya miaka mingi ya masomo na mitihani, waliitwa matabibu wasaidizi tu, chini ya kila daktari aliyetoka Ulaya.

Basi historia hii yatuonyesha kwamba jeshi limedhulumu kwa njia mbili: limempa cheo asiye na elimu, na askari wakafa kwa ujinga wake, tena limemnyima cheo mwenye elimu, na askari wakafa ilhali mjuzi yupo kando na neno lake halisikilizwi. Dhuluma ya pili ndiyo iliyodumu, kwa kuwa yaweza kufichwa chini ya utaratibu, na kwetu ilishika rangi ya mtu. Wanaoandika habari za utabibu katika nchi zetu wana wajibu wa kuanza na vijana wale wa mwaka 1917, na kuwahesabu miongoni mwa matabibu, wala si miongoni mwa watumishi wa matabibu.