Robota la Kilo 250: Historia ya Kunyanyua Mizigo Bandarini Tanga

Mzigo uliotawala kazi ya uchukuzi mjini Tanga kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini ni robota la mkonge. Robota moja lina uzito wa kilo 250, na manne hutimiza tani. Walioupanga uzito huo walifikiria nafasi ya melini, nauli na urahisi wa kuhesabu ghalani. Mgongo wa mchukuzi haukuwamo katika hesabu. Ndiyo maana historia ya winchi, foklifti na kanuni za usalama katika pwani hii haieleweki vizuri kwa kuanzia kwenye mashine. Yafaa kuanza na mzigo wenyewe.

Kabla ya mkonge, mzigo ulikatwa kulingana na mtu. Misafara ya pembe za ndovu iliyoingia bara kutoka Pangani ilitegemea wapagazi, na mpagazi mmoja alipewa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, mbali na mkeka, chungu na posho yake. Mzigo ulikaa kichwani juu ya kata au begani. Pembe iliyozidi nguvu za mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa mzegazega na watu wawili. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa, lakini kipimo kilikuwepo na kila mtu alikijua, kwa sababu mpagazi aliyezidishiwa mzigo alitoroka njiani na hasara ikamrudia tajiri.

Mwaka 1893 mambo mawili yalianza kuuondoa mfumo huo wa wapagazi. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa Reli ya Usambara ulianza Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mashamba yakafuata reli, na Pangani, iliyokuwa mlango wa misafara, ikabaki pembeni. Kufikia mwaka 1913 koloni lilikuwa likisafirisha nje zaidi ya tani 20,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka.

Singa zikitoka kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi kutoka kwenye majani, huanikwa, hupigwa brashi na kupangwa kwa madaraja, kisha hushindiliwa kwenye mashine ya kukandamizia hadi lundo zima liwe tofali kubwa lililofungwa kwa kamba au waya. Kitu hicho hakina mpini, hakina pembe ngumu ya kushika, na kikianguka hakipasuki. Wachukuzi walilikabili kwa kulabu za mkono: watu wanne hivi waliling'ang'ania, wakalipindua upande baada ya upande, wakalibingirisha kwenye mbao hadi mlango wa behewa. Kulibeba halikuwa jambo la kufikiriwa. Vidole vilivyobanwa, miguu iliyokanyagwa na robota na kulabu zilizoteleza vilikuwa sehemu ya kazi kama jasho.

Bahari ya Tanga iliongeza taabu. Ghuba imekingwa vizuri na upepo, ila maji karibu na gati yalikuwa mafupi, kiasi cha mita tatu. Meli kubwa zilitia nanga mbali, zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka ufukoni, na shehena ikapelekwa kwa matishali. Robota lililotoka shambani Ngomeni au Korogwe lilishushwa kwenye behewa, likapangwa ghalani, likatolewa ghalani hadi gatini, likainuliwa kwa winchi na kuwekwa kwenye tishali, likavutwa na boti hadi ubavuni mwa meli, likainuliwa tena kwa winchi ya meli, na mwisho likapangwa tumboni mwa meli na kundi jingine la watu. Kila mguso ulikuwa malipo, na kila mguso ulikuwa nafasi ya ajali. Bandari yenye gati la kina ingeondoa angalau miwili kati ya hiyo. Wanaoilinganisha Tanga na Mombasa kwa tani peke yake husahau kwamba tani moja ya Tanga ilinyanyuliwa mara nyingi zaidi.

Kazi hiyo ilifanywa na vibarua wa kutwa. Meli ikiingia watu waliitwa, ikiondoka walirudi nyumbani mikono mitupu. Mpango huo ulimfaa mwajiri, ila kwa usalama ulikuwa mbaya kabisa: kundi lilibadilika kila siku, ufundi haukurithishwa, na aliyeumia hakuwa na mwajiri wa kudumu wa kumdai. Mwaka 1939 wafanyakazi wa bandari waligoma Dar es Salaam, kisha Tanga. Mgomo mkubwa wa Septemba 1947 ulianzia tena bandarini Dar es Salaam na kuenea sehemu nyingi za Tanganyika. Madai yalikuwa ya ujira, muda wa kazi na fidia ya kuumia zaidi ya vifaa, lakini yaliisogeza serikali. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 Tanganyika ilikuwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi na Sheria ya Viwanda ya 1950. Hii ya pili, iliyofuata mfano wa Uingereza, ilitaka minyororo, kamba, ndoano na winchi zikaguliwe na mtu mwenye ujuzi. Sasa sheria iliuliza kama ndoano iliyoning'inia juu ya kichwa cha kibarua ilikuwa nzima.

Wakati huo foklifti ilikuwa tayari na umri wa miaka 30 hivi. Kiwanda cha Clark cha Marekani kilianza na gari dogo la kubebea mizigo kiwandani mwaka 1917, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Yale ilitoa gari lenye mlingoti uliopandisha mzigo juu kuliko gari lenyewe. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoisambaza duniani, kwa sababu majeshi yalihitaji kupakua haraka na yakaanza kupanga kila kitu juu ya paleti. Katika bandari za Afrika Mashariki mitambo hii ilianza kuzoeleka miaka ya 1950, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki.

Foklifti, hata hivyo, imeumbwa kwa ajili ya paleti. Meno yake mawili huingia kwenye uwazi wa paleti, huinua, basi. Robota la mkonge halina uwazi. Meno yakilazimishwa chini yake hukwaruza singa, hukata kamba za kufungia, na daraja la bidhaa hushuka kabla haijafika melini. Dawa yake ni kibanio: mabamba mawili mapana yanayofungwa mbele ya mlingoti mahali pa meno, yakisukumwa na mafuta ya haidroliki, yakikumbatia marobota kutoka pande mbili. Mwendeshaji husogea taratibu, hufungua mabamba yazidi kidogo upana wa mzigo, huyabana, huinua kwa sentimita chache na kusubiri. Robota la chini likianza kuteleza, huliteremsha na kuongeza mgandamizo. Mgandamizo ukizidi singa huvunjika. Ukipungua mzigo humwagika. Hakuna namba moja inayofaa siku zote, kwa kuwa robota lililofungwa vizuri na lililolegea hayashikiki sawasawa.

Hapa ndipo uteuzi wa kifaa unapogeuka kuwa suala la usalama. Foklifti iliyoandikwa tani mbili na nusu hubeba tani mbili na nusu kwa sharti moja: kitovu cha uzito kiwe milimita 500 kutoka uso wa meno. Kibanio huusukuma mzigo mbele, na chenyewe kina uzito. Tuseme kitovu kimesogea hadi milimita 750: kwa hesabu ya haraka, kilo 2,500 mara 500, gawanya kwa 750, hubaki kama kilo 1,670. Ondoa kilo 500 za kibanio, hubaki kama 1,170. Hesabu kamili hupimwa kuanzia ekseli ya mbele na hutoa jibu kubwa kidogo, lakini kosa la upande wa tahadhari halijamwua mtu. Marobota manne, tani moja, yanakubalika. Marobota manane, ambayo kibao cha awali kingeyaruhusu, yangeweza kuinua magurudumu ya nyuma. Kwa sababu hiyo gari lililobadilishiwa kifaa hudai kibao kipya cha uwezo. Kibao cha zamani kikiachwa mahali pake humdanganya mwendeshaji kila anapokitazama.

Mizigo mingine ya Tanga ilileta vifaa vyake. Kahawa ya Kilimanjaro, katika magunia ya kilo 60, na chai ya Usambara zilikubali paleti bila ubishi. Mbolea kutoka kiwanda kilichofunguliwa Tanga miaka ya 1970, na saruji ya Pongwe baadaye, zilikuja kwa mifuko ya kilo 50 ambayo paleti iliyooza huimwaga yote kwa mpigo. Mbao ndefu zilihitaji meno yaliyopanuliwa na mwendo wa pole, kwa kuwa ncha zake hufagia kila kilicho kando gari linapokata kona. Mapipa yalihitaji mkono wa kushika ukingo. Mifuko mikubwa ya tani moja ilihitaji ndoano, na hapo mzigo unaoning'inia hubembea kila breki inapokanyagwa.

Kanuni za uendeshaji zilizoenea duniani zina mantiki moja. Foklifti husimama kama kigoda cha miguu mitatu: magurudumu mawili ya mbele, na ekseli ya nyuma inayocheza kwenye kiungo kimoja cha katikati. Kitovu cha uzito kikitoka nje ya pembetatu hiyo, gari hulala. Ndiyo sababu mzigo husafirishwa chini, sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, mlingoti ukiegemezwa nyuma. Ndiyo sababu kona haikatwi mzigo ukiwa juu. Kwenye mteremko mzigo huelekezwa upande wa juu. Mzigo ukimzuia mwendeshaji kuona mbele, gari huendeshwa kinyumenyume. Abiria hapandi. Na gari likianza kulala, mwendeshaji hubaki kitini amefunga mkanda, kwa kuwa wengi wanaokufa hufa wakiruka na kuangukiwa na paa la kinga.

Ghala la mkonge lina hatari yake ya ziada. Singa kavu ni chakula cha moto, na kanuni za kimataifa za shehena za hatari baharini huziorodhesha nyuzi kavu za mimea. Foklifti ya dizeli inayoingia humo huhitaji kizuia cheche kwenye bomba la moshi, na singa zinazojiviringisha kwenye ekseli au kuziba rejeta huondolewa kila siku. Vumbi pia hufunika mistari ya njia ya waenda kwa miguu, hivyo mstari uliopakwa rangi mwezi uliopita huenda haupo tena leo.

Uzalishaji wa mkonge ulifikia kilele cha karibu tani 230,000 mwaka 1964, sawa na marobota zaidi ya 900,000 kwa nchi nzima, kisha ukaporomoka. Kamba za plastiki zilishusha bei, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, bandari ikaingia chini ya mamlaka ya taifa, na tangu 2005 iko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 iliiondoa ile ya 1950, na ukaguzi wa mitambo ya kunyanyulia ukawa kazi ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Waendeshaji hufundishwa, pamoja na kwingineko, katika Chuo cha Bandari jijini Dar es Salaam.

Mgongo wa mtu haukupata ulinzi wa kiwango hicho. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 lilitaja kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo wa mwanamume mzima. Sheria ya vipimo inapiga marufuku lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, lakini gunia la kilo 100 ni halali, na sokoni lingali linapanda lori kwa mabega. Foklifti hufuata mzigo uliofungwa kwa kipimo, juu ya sakafu ngumu; vitunguu na machungwa ya Muheza mara nyingi havina bahati hiyo.

Badiliko kubwa la Tanga limekuja kutoka majini. Kati ya 2019 na 2023 serikali ilitumia shilingi bilioni 429.1 kuchimba njia ya meli na eneo la kugeuzia, na kuboresha gati lenye urefu wa mita 450 hadi kina cha mita 13. Meli sasa hufunga gatini, na kazi ya matishali imekoma kwa shehena nyingi. Kontena, vyuma na mizigo mizito hushuka moja kwa moja kwenye zege, mahali panapohitaji foklifti kubwa zaidi, njia pana zaidi, na watembea kwa miguu wachache zaidi.