Extra Golden: Benga Iliyolipa Madeni Yake kwa Nyimbo

Septemba 2006, wanamuziki wa benga kutoka Kenya walipanda jukwaani Chicago, katika tamasha la jiji hilo la muziki wa dunia. Nusura wasifike. Viza zilikwama, siku zikayoyoma, mpaka ofisi ya seneta wa Illinois ilipoingilia kati. Seneta huyo alikuwa Barack Obama, ambaye wakati ule nadhani sifa zake zilivuma Siaya kuliko Paris. Mwaka uliofuata bendi yao, Extra Golden, ilitoa albamu ya Hera Ma Nono, na ndani yake mna wimbo uitwao Obama. Anayeusikia leo atadhani ni wa kampeni ya urais. Wenyewe walikuwa wanashukuru kwa viza.

Kwa mpenzi wa benga, hilo si geni. Katika kumbi za Waluo, kutaja watu majina ni sehemu ya kazi ya mwimbaji. Mgeni anasogea mbele na noti mkononi, jina lake linaingia wimboni, pamoja na kijiji chake, mama yake, pengine na shemeji zake. Wakwasi wa aina hiyo wamebaki kwenye santuri nyingi za benga. Ajabu ya Extra Golden ni kwamba desturi hiyo ilihamia kwenye bendi ambayo nusu yake ilikuwa ya roki ya Marekani, na santuri zake zikatolewa Chicago na kampuni ndogo inayojitegemea, Thrill Jockey.

Chanzo chake ni Ian Eagleson, mpiga gitaa Mmarekani aliyekuja Kenya kuitafiti benga kwa ajili ya masomo yake ya chuo kikuu. Huku alijuana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa. Kwao Eagleson alikuwa na bendi ya roki iitwayo Golden, pamoja na Alex Minoff. Mwaka 2004 Minoff naye akafika Nairobi. Wamarekani hao wawili, Otieno na mpiga drumu Onyango Wuod Omari wakarekodi albamu kwa vifaa vya kubebeka. Kila upande ukatoa kipande cha jina lake, ikawa Extra Golden.

Otieno hakuiona albamu hiyo ikitoka. Alifariki mwaka 2005, na Ok-Oyot System ikaingia madukani mwaka 2006. Sauti yake ndiyo moyo wa kazi hiyo: nyembamba kidogo, haina haraka, inakaa juu ya magitaa bila kushindana nayo. Nyimbo nyingine zinaimbwa kwa Kiingereza, na hapo, kwa sikio langu, albamu inalegea. Gitaa la Minoff linakoroma kama roki inavyopenda, halafu Omari anarudisha mguu kwenye drumu kubwa na kila mtu anakumbuka yuko wapi.

Hapo ndipo tofauti ya santuri na jukwaa inapotakiwa kuelezwa. Wimbo wa benga una sehemu mbili. Kwanza mashairi, sauti mbili zikiimba pamoja huku gitaa la solo likijibu kila mstari, vidole vikifuata mchezo wa nyatiti, kinanda cha nyuzi nane ambacho benga ilikirithi. Kisha waimbaji wananyamaza, mwendo unachangamka, solo na rizimu zinakimbizana. Enzi za mkongwe wa benga D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma. Ukumbini hapakuwa na kugeuza chochote. Mbio hizo zingeweza kuendelea mpaka wachezaji wachoke, na wachezaji wa Nyanza hawachoki mapema.

Extra Golden hawakubanwa na dakika za santuri ndogo. Waliziacha nyimbo zirefuke, na kwa hilo wakakisogeza kinachosikika kwenye albamu karibu na kinachosikika jukwaani. Roki nayo ina tabia yake ya kurefusha gitaa. Desturi hizo mbili zilikutana mahali ambapo hakuna aliyelazimika kumtafsiria mwenzake.

Baada ya Otieno, Opiyo Bilongo, aliyekuwa na jina lake tayari katika benga, alijiunga nao akaimba. Kisha zikaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Familia za wanamuziki walioko Kenya zilikuwa hatarini, na mashabiki wa ng'ambo wakachanga pesa za kuzisaidia. Julai 2008 bendi ilikuwa tena Chicago, safari hii katika bustani ya Union Park, kwenye tamasha la Pitchfork, kati ya bendi za vijana wa roki ambao huenda wengi wao hawajawahi kusikia neno benga.

Albamu ya tatu, ya mwaka 2009, iliitwa Thank You Very Quickly, kuwashukuru waliochanga. Mna wimbo unaoitwa Ukimwi, jina ambalo msomaji wa makala hii hahitaji kuelezwa. Naiona kuwa ndiyo albamu yao bora. Magitaa matatu yanapishana bila kugongana, na mwendo unapobadilika wote wanageuka pamoja, jambo ambalo bendi hulipata kwa kupiga usiku baada ya usiku, wala mhandisi wa studio hawezi kulibandika baadaye.

Asiyewajua aanze na hiyo. Halafu arudi kwenye ile ya 2006, na kwa kusikiliza mara ya kwanza aziruke za Kiingereza, amsikilize Otieno.