Dola 35

Mwaka 1971, mwanafunzi wa usanifu wa grafiki katika Chuo Kikuu cha Portland State, jimbo la Oregon nchini Marekani, aliandika ankara ya saa kumi na saba na nusu za kazi. Alikuwa akilipwa dola 2 kwa saa, kwa hiyo jumla ikawa dola 35. Jina lake ni Carolyn Davidson. Kilichotoka katika saa hizo ni ule mkia uliopinda wa Nike, ambao leo umo kwenye viatu, fulana na soksi za dunia nzima, zikiwamo zile za bandia zinazomwagwa juu ya turubai pale Karume.

Aliyempa kazi ni Phil Knight, aliyekuwa akifundisha uhasibu chuoni hapo huku akiwa na kampuni ndogo ya kuuza viatu vya Kijapani, Blue Ribbon Sports. Alimsikia binti huyo akisema hana fedha za kununulia vifaa vya somo la kuchora kwa rangi za mafuta. Akampa kibarua cha kumchorea chati na grafu za mikutano. Baadaye, alipoamua kutengeneza viatu vyake mwenyewe, akahitaji alama ya ubavuni mwa kiatu. Davidson akamletea michoro kadhaa na Knight akachagua mmoja bila furaha: alisema haupendi sana, labda atauzoea.

Kila dizaina ninayemfahamu Dar es Salaam anaijua hadithi hii, na karibu wote huisimulia kama hadithi ya dhuluma. Mimi siioni hivyo. Kima cha chini cha mshahara wa shirikisho Marekani mwaka huo kilikuwa dola 1.60 kwa saa, kwa hiyo mwanafunzi huyu alilipwa juu yake. Alitaja bei, na bei aliyotaja ndiyo aliyopewa, bila kuambiwa njoo Ijumaa, bosi kasafiri. Wangapi kati yetu tunaweza kusema hivyo? Ninachokitilia shaka ni kipimo kilichotumika. Knight alinunua saa, kama unavyonunua saa za mtu wa kukulimia shamba, na pamoja na saa hizo akapata kitu ambacho hakikuandikwa popote kwenye ankara: haki ya kukitumia mchoro ule milele, mahali popote, juu ya bidhaa yoyote.

Ili kuelewa kwa nini wote wawili waliona ni sawa, lazima turudi nyuma. Kwa muda mrefu kazi yetu haikuwa na bei yake yenyewe. Aliyepanga herufi na kuamua picha ikae wapi alikuwa mtu wa kiwandani kwa mpiga chapa, na mteja alilipia karatasi, wino na idadi ya nakala. Hata jina la kazi lilichelewa. Mmarekani W. A. Dwiggins ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuiita usanifu wa grafiki, katika makala ya gazeti mwaka 1922. Mawakala wakubwa wa matangazo nao hawakuuza michoro. Desturi yao ilikuwa kuchukua kamisheni ya asilimia 15 kwenye fedha ambazo mteja alilipa gazeti au redio, na mchoro ukaingia humo ndani kama chumvi kwenye wali. Mchoraji alipata mshahara wake mwisho wa mwezi, lakini mteja hakuwahi kuona mahali palipoandikwa kwamba mchoro ni kiasi hiki.

Na sisi wa pwani tusijione tuko mbali na historia hiyo. Shika kanga yoyote ya zamani kutoka Mombasa usome maandishi madogo ya pembeni: K.H.E., Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya duka la familia ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara. Jina la aliyechora mji na pindo la kanga hiyo hulioni. Bibi zetu walijua duka, walijua jina la kanga, walijua nani kamtupia nani fumbo kwa kuivaa. Mkono uliochora haukuwa na nafasi kwenye kitambaa.

Aliyeitoa bei yetu kwenye mfuko wa mwingine na kuiweka mezani, kuliko mtu yeyote ninayeweza kumtaja, ni Paul Rand. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1914 kwa jina la Peretz Rosenbaum. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alichora majalada ya gazeti la Direction bila malipo, kwa sharti moja: aachwe achore atakavyo. Vijana huuliza kama wafanye kazi ya bure ili wajulikane, nami huwajibu kwa kisa hiki, lakini namalizia na ile sehemu ya sharti, maana wengi hufanya ya bure na bado mteja akawaambia ongeza nyekundu. Mwaka 1956 akachora nembo ya IBM. Zikafuata Westinghouse, UPS na ABC, zote ndani ya miaka michache.

Mwaka 1986 Steve Jobs, akiwa ameondoka Apple, alimtaka Rand amchoree nembo ya kampuni yake mpya ya kompyuta, NeXT. Rand alikuwa bado mshauri wa IBM, hivyo ilibidi Jobs aombe ruhusa kwao kwanza. Bei ilikuwa dola 100,000. Jobs aliuliza kama angepewa michoro kadhaa achague. Jobs mwenyewe alisimulia baadaye alivyojibiwa: hapana, mimi nitalitatua tatizo lako na wewe utanilipa, kulitumia au kutolitumia jibu langu ni juu yako, lakini utanilipa. Rand akaleta mchoro mmoja tu, kisanduku cheusi kilichoinamishwa kidogo, pamoja na kitabu cha kurasa kama mia kinachoeleza hatua kwa hatua jinsi alivyoufikia.

Miaka kumi na mitano tu inatenganisha ankara hizo mbili, na ya pili ni zaidi ya mara 2,800 ya kwanza. Hata ukitoa mfumuko wa bei, ambao Marekani ya miaka ya sabini ilikuwa nao mwingi, pengo halizibiki. Wala huwezi kusema mkono wa Rand ulikuwa na ustadi mara elfu mbili kuliko wa Davidson. Yule binti aliuza muda wake kwa kampuni isiyojulikana. Yule mzee aliuza uamuzi, ukiwa na miaka thelathini ya IBM nyuma yake, kwa tajiri aliyekuwa akihitaji kuonekana mkubwa kabla hajatoa kompyuta hata moja. Kile kitabu nacho, kwa maoni yangu, kilikuwa nusu ya bidhaa, kwa sababu kilimpa mteja kitu cha kushika mkononi na kuwaonyesha wenzake ili waone fedha zimekwenda wapi.

Kisha tazama zilipoishia nembo zenyewe. NeXT haikuuza kompyuta nyingi. Rand alifariki Novemba 1996, na kabla hata mwezi haujaisha Apple ikatangaza kuinunua kampuni ile. Kisanduku cha dola laki moja kikaenda kabatini. Mkia wa dola 35 unaendelea hadi leo. Kama malipo ya dizaina yangefuata faida ambayo nembo huja kuleta, Rand angerudisha chenji. Hii ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaotaka kila nembo ilipwe kwa asilimia ya mauzo ya baadaye. Kiatu kiliuzwa na wakimbiaji, na viwanda vya Asia, na matangazo ya mabilioni, na mkia ukajaa maana iliyotoka kwao.

Hata hivyo Knight mwenyewe aliona kuna deni. Septemba 1983, kampuni ikiwa tayari imeingia kwenye soko la hisa, alimwalika Davidson kwenye chakula cha mchana. Akampa pete ya dhahabu yenye almasi iliyochongwa kwa umbo la ule mkia, cheti, na bahasha ya hisa za Nike. Hakuna mkataba uliomlazimisha. Ilikuwa hisani, na nafurahi kwa ajili yake, ila hisani haiwezi kupangiwa kodi ya nyumba.

Milton Glaser alichagua njia nyingine kabisa. Mwaka 1976, akiwa ndani ya teksi, alichora kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha bahasha ile herufi I, moyo, na N na Y, kwa kampeni ya jimbo la New York. Mji ulikuwa umechoka na kufilisika, naye hakutoza kitu. Jimbo likaja kupata mamilioni kwa leseni za fulana na vikombe. Glaser hakulalamika, lakini kumbuka kwamba alikuwa na studio yake na wateja wanaolipa. Kazi ya bure ina raha yake pale ambapo jiko lako halikuingoja.

Mimi niliingia kwenye kazi hii baada ya kompyuta kuwa zimekwisha kuvuruga kila kitu. PageMaker ilitoka 1985, CorelDRAW 1989, Photoshop 1990. Kazi iliyohitaji mpanga herufi, mpiga picha za filamu na mtu wa mkasi na gundi ikawa ya kijana mmoja na kipanya. Wakati huohuo bei ya mkono ikaanguka. Mwaka 2008 ukaja mtandao wa 99designs, ambako mteja anaanzisha shindano, makumi ya watu wanachora, na mmoja tu analipwa. Mwaka 2010 ukaja Fiverr, ambako mwanzoni kila kazi ilikuwa dola 5.

Kariakoo hatukuhitaji Fiverr kutufundisha. Katika stesheneri nilikoanzia palibandikwa karatasi kioo kizima: DIZAINI BURE UKICHAPISHA HAPA. Mteja alilipia bango kwa mita, kadi kwa mia, fulana kwa pisi. Mimi niliyekaa kwenye kompyuta nilipewa posho ya siku na chakula cha mchana. Nilipokuja kusoma habari za wapiga chapa wa zamani na kamisheni za mawakala, nilijikuta nikicheka peke yangu: karne nzima ilikuwa imepita, na sisi tulikuwa bado tumo ndani ya bei ya karatasi.

Nembo ya kwanza niliyouza kwa jina langu ilikuwa ya mtengenezaji wa juisi. Alilipa shilingi 80,000, nusu kwanza, nusu baada ya wiki tatu za simu. Leo naiona ubavuni mwa magari yake ya kusambazia. Alipotaka lebo za ladha mpya alimpa kazi mwingine, ambaye aliukata mchoro wangu na kuupaka rangi ya pasheni. Nilipomuuliza alinijibu kwa mshangao wa kweli: "Si nilishakulipa, ndugu yangu?" Alichouliza kilikuwa halali. Hapakuwa na karatasi iliyosema amelipia nini.

Karatasi hiyo ndiyo iliyokosekana pia katika kisa kikubwa zaidi cha nchi yetu. Mei 2017 vyombo vya habari vilimwonyesha mzee Francis Kanyasu, maarufu Ngosha, akiishi katika hali duni Buguruni, na kumtambulisha kuwa ndiye aliyechora nembo ya Taifa, ile ya mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu. Alifikishwa hospitali, na kabla mwezi haujaisha akafariki Muhimbili. Wapo waliopinga, wakamtaja mtu mwingine kuwa ndiye mchoraji. Nembo hiyo imo kwenye hati za kusafiria, kwenye mihuri, kwenye vyeti vyetu vya kuzaliwa, na bado Watanzania walikuwa wakibishana hadharani nani aliichora. Suala la alilipwa kiasi gani hata halikufikiwa.

Sheria ya hakimiliki tunayo, ya mwaka 1999, na ofisi yake, COSOTA, ipo. Lakini sheria haiandiki ankara kwa niaba yako. Yangu siku hizi ina mistari mitatu. Wa kwanza ni kubuni. Wa pili ni haki ya kutumia, na hapo naandika wapi na kwa muda gani. Wa tatu ni mafaili ya asili, kwa yule anayeyataka. Kwa duka la mtaani jumla huwa kama shilingi 200,000. Kwa kampuni yenye matawi hupita milioni 2, ingawa saa nilizokaa kwenye kiti ni zilezile.

Wateja wengi hawana ugomvi na mstari wa kwanza. Kalamu yao hutua kwenye wa pili, wananitazama, wanauliza huu nao ni wa nini. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye saluni tatu aliuliza hivyo hivyo. Nilimweleza kwa dakika kumi. Akanyamaza, akapiga hesabu kwenye simu yake, akaniambia nimpunguzie elfu thelathini kwenye wa kwanza ili wa pili aulipe wote.