Staff Benda Bilili: walemavu wa Kinshasa na saa za kupumzika

Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, mto Kongo katikati. Tangu wakati wa Zaire, walemavu wengi wa miguu walipata kazi pale Beach Ngobila. Walipunguziwa nauli na ushuru, basi wafanyabiashara wakawapa mizigo ya kuvusha juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu. Serikali iliwafikiria kwa upande wa mzigo tu. Jioni mtu huyo anapumzika wapi, hilo halikuandikwa popote.

Ricky Likabu na Coco Ngambali, walioharibiwa miguu na polio, waliijua biashara hiyo ya mto. Kazi ikiisha, walipiga muziki. Kundi lao, Staff Benda Bilili (kwa Lingala ni kusema: tazama kilichofichika nyuma ya sura), lilifanya mazoezi katika bustani ya wanyama ya Kinshasa, baadhi yao juu ya baiskeli zao, gita mkononi. Kijana Roger Landu, ambaye hakuwa mlemavu, alipiga satongé, chombo cha waya mmoja kilichotengenezwa kwa kopo. Hata albamu yao ya 2009, Très Très Fort, sehemu kubwa ilirekodiwa humo bustanini, nje, umeme ukivutwa kwa waya mrefu.

Mwaka 2010 filamu juu yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Safari za Ulaya zilikuwa zimeanza mwaka 2009, na kile kilichokuwa pumziko kikawa kazi yenyewe: ndege, hoteli, mikataba. Furaha ilikuwa kubwa, uchovu pia. Baadaye Coco na Theo Nzonza walitoka, wakaunda Mbongwana Star, iliyotoa albamu mwaka 2015.

Mwaka huohuo Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu. Kifungu cha 27 kinataja kazi; cha 30 kinataja utamaduni, michezo na mapumziko. Tarehe 3 Mei 2022 ikaja sheria ya inchi yenyewe.

Lakini kanuni ya kazi ya Kongo inahesabu saa 45 kwa juma, na hesabu hiyo inaishia mlangoni mwa ofisi. Mfanyakazi ambaye busi tatu zimekataa kupakia baiskeli yake anafika nyumbani usiku. Kwaya imeisha kuimba, watoto wamelala.