Mapambo ya Mbegu, Kombe na Pembe: Habari za Rungwe na Nchi za Jirani

Katika vitabu vya zamani visimuliavyo habari za Wanyakyusa, mapambo yatajwayo kwanza ni ya madini. Frederic Elton alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1877, na Joseph Thomson mwaka 1879. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walianza kujenga mwaka 1891. Na daktari Friedrich Fülleborn akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1906, chenye picha nyingi. Katika picha hizo twaona pete za madini zilizozungushwa viunoni. Basi msomaji hufunga kitabu akidhani ya kuwa kabla ya madini na shanga za kioo kufika, mtu wa Rungwe hakuwa na cha kujipamba. Sisi twaona dhana hiyo si kweli, tena si dhana ndogo. Maana mwalimu akiifundisha, watoto wa Matwebe na wa Tukuyu hujifunza ya kuwa uzuri waliletewa na wafanya biashara.

Sababu ya kosa hilo ni nyepesi kufahamika. Shaba hukaa miaka mia, na kioo hukaa miaka elfu. Bali uzi wa nyuzi za mgomba na mbegu zilizotungwa humo huoza. Mahali pengi katika Rungwe mvua hupita milimeta 2,000 kwa mwaka. Kitu cha mti au cha ngozi kilichofukiwa katika udongo ule hakingoji wachimbuzi wa mambo ya kale. Tena wageni waliokusanya vitu kwa ajili ya nyumba za makumbusho walipenda vitu vizito ving'aavyo. Kilichobaki ndicho kilichohesabiwa.

Lakini ziko nchi kavu kidogo, na mapango yenye kuhifadhi, ambako vitu vya asili havikupotea. Katika pango la Panga ya Saidi, karibu na pwani ya Kenya, umeonekana ushanga uliofanyizwa kwa kaka la konokono wa bahari, na umri wake hupita miaka 60,000. Karibu na Iringa, yaani si mbali sana na Rungwe kwa hesabu ya nchi yetu, katika mapango ya Magubike na Mlambalasi, zimepatikana shanga za ganda la yai la mbuni. Mwaka 2021 wataalamu wawili walitangaza ya kuwa shanga za namna hiyo, zilizotengenezwa tangu miaka 50,000 hivi iliyopita, zafanana mno kati ya Afrika ya Mashariki na ya Kusini, hata wakaona ni dalili ya watu waliokuwa na mapatano wao kwa wao toka nchi hata nchi.

Kazi yenyewe yafaa kuelezwa, maana si kazi ya mtu mjinga. Ganda huvunjwa vipande vidogo. Kila kipande hutobolewa katikati kwa jiwe lenye ncha. Kisha vipande vyote hutungwa pamoja katika uzi na kusuguliwa juu ya jiwe lenye mfereji, hata viwe mviringo na sawasawa. Watu wa pwani yetu walifanya vivyo hivyo kwa kombe za bahari. Huko Shanga karibu na Pate, na Kilwa, na Tumbe katika Pemba, wachimbuzi wamekuta vigae vya vyungu vyenye mifereji ya kusugulia shanga, na huko Tumbe vigae hivyo ni vingi sana. Watu wale waliishi yapata karne ya 8 hata ya 10. Mswahili basi alikuwa fundi wa ushanga kabla ya kuwa mchuuzi wa ushanga wa wengine.

Sasa turudi katika milima. Mtu wa Matwebe hahitaji kuelezwa mgomba. Lakini uko mgomba wa mwitu, ambao wataalamu huuita Ensete, uotao katika mabonde yenye maji ya nyanda za juu. Tunda lake halina nyama ya kutosha kinywa cha mtoto, maana limejaa mbegu. Mbegu hizo ni nyeusi, ngumu kama jiwe, kubwa kuliko dengu, na katika sehemu nyingi za Afrika watu huzitoboa na kuzitunga kuwa mikufu. Uko tena mmea wa jamii ya majani, ndugu wa mahindi, upendao kandokando ya mito, ambao Wazungu huita machozi ya Ayubu. Asili yake ni Asia, lakini umekwisha enea huku. Tone lake jeupe, lenye kung'aa kama kaure, si mbegu yenyewe bali ni ala ya jani iliyokuwa ngumu, na ndani yake iko njia ya kupitisha uzi ambayo haikutobolewa na mtu. Ndiyo maana katika nchi nyingi limetumika kwa rozari.

Mbegu ya tatu twaitaja kwa tahadhari. Ni ile ya mtipitipi, nyekundu yenye jicho jeusi, nzuri kuliko zote. Huko Uhindi wafua dhahabu waliitumia kuwa mawe ya mizani. Jina lake la Kilatini latokana na neno la kusali, kwa kuwa nayo ilitungwa katika rozari. Lakini ndani yake mna sumu kali. Mtu akiimeza nzima mara nyingi hupita bila kuvunjika. Akiitafuna, au ikiwa imetobolewa, sumu hutoka. Na ushanga ni lazima utobolewe! Mwalimu wa kazi za mikono asiwape watoto wadogo mbegu hizo.

Wasomaji wetu wapendao maneno watafurahi kujua ya kuwa hata neno la Kiingereza la ushanga hapo kale lilikuwa neno la sala. Watu walihesabu sala kwa punje, na jina likahama kutoka sala kwenda punje. Kiswahili nacho kimetunza kumbukumbu zake. Kete, tuitumiayo leo katika michezo, ni jina la simbi ndogo ya pwani. Usinga umepata jina kwa singa, yaani nywele ndefu za mkia wa mnyama, ambazo pia husukwa kuwa bangili.

Thamani ya vitu hivi ilikuwa kubwa kuliko watu wadhanivyo. Duara iliyokatwa katika kaka la konokono wa bahari, iitwayo kibangwa, ilikuwa alama ya watemi huko Unyamwezi, mbali na maji ya chumvi. Livingstone, alipokuwa kwa Shinte katika nchi ya Walunda mwaka 1854, aliambiwa ya kuwa kaka mbili za namna hiyo zatosha kununua mtumwa mmoja. Hapo pambo haliwi tena jambo la kuchezea, na wala hatulitaji kwa kulisifu.

Pembe ya ndovu nayo ina habari yake. Katika karne ya 19 pembe za nchi za ndani zilipelekwa Zanzibar, na nyingi zikavuka bahari mpaka Bombay, maana pembe ya Afrika ya Mashariki ni laini na yafaa kuchongwa. Huko Kachi na Gujarati ikawa bangili za maharusi; na mume alipokufa bangili zilivunjwa, hata soko likahitaji pembe nyingine daima. Katika biashara hiyo yalikuja bara masango, yaani nyaya za shaba, pamoja na shanga za kioo za Venice. Kwa hiyo madini yale tuyaonayo katika picha za zamani hayakukuta watu watupu. Mnyama wa Afrika alitoka kuwa pambo mkononi mwa bibi arusi wa Kihindi, na shaba ikaingia kuwa pambo la Mwafrika. Biashara ni moja, bali wenye vitabu waliandika upande wake mmoja tu.

Kuna jambo jingine ambalo makasisi wamelikuta mara nyingi. Je, kitu kilichofungwa shingoni mwa mtoto ni pambo au ni hirizi? Kwa macho hakitambulikani. Ukucha wa chui waweza kuwa sifa ya mwindaji, waweza kuwa kinga, na mbegu moja katika uzi yaweza kuwa dawa aliyoitoa mganga, au kazi ya mikono ya bibi aliyempenda mjukuu wake. Neno hili si geni. Katika kitabu cha Mwanzo, Yakobo alifukia miungu migeni chini ya mwaloni wa Shekemu, na pamoja nayo alifukia pete za masikioni mwa watu wake. Walimu wa siku za kwanza, wengine wao, walifanya kama Yakobo pasipo kuuliza kwanza. Wakakata vyote kwa kisu kimoja. Sisi twadhani waliharibu mengi yasiyokuwa na hatia, na pamoja na kitu yakapotea jina lake na ufundi wake. Aliyekivaa ndiye ajuaye maana yake, na njia ya kuijua ni kumwuliza, tena kwa heshima, wala si mbele ya watu.

Siku hizi limeongezeka swali la sheria. Mataifa yalipatana mwaka 1989 kukataza biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi. Na katika Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huhesabu jino, ukucha, pembe, hata nywele za mnyama wa porini kuwa nyara, na mtu asiye na kibali hana ruhusa ya kuwa nazo. Kwa hiyo mwalimu atakaye kukusanya mapambo ya kale kwa ajili ya shule yake, akiletewa bangili ya pembe au ya singa za ndovu, asiiweke kabatini kwanza na kuuliza baadaye. Amwendee afisa wa wanyamapori wa wilaya. Mbegu za mgomba wa mwitu zaweza kuokotwa bondeni bila barua.